Kipande, Faili na Cheti: Historia ya Usimamizi wa Wafanyakazi Afrika Mashariki

Kazi ya afisa utumishi, ambaye siku hizi katika kampuni na taasisi nyingi huitwa afisa rasilimali watu, hufundishwa vyuoni kama orodha ya majukumu yanayokwenda pamoja: kutafuta na kuajiri watu, kutunza kumbukumbu zao, kusimamia mishahara na likizo, kuendesha mafunzo, kupima utendaji, kusimamia nidhamu, na kusuluhisha migogoro kabla haijafika mahakamani. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini huacha kando jambo la msingi kuhusu taaluma hii katika Afrika Mashariki, nalo ni kwamba majukumu hayo hayakuzaliwa siku moja wala hayakuzaliwa kwa nia moja. Utunzaji wa kumbukumbu ulianza kama njia ya kumnasa mtu asitoroke kazini. Uajiri ulikuwa biashara ya mawakala waliolipwa kwa kila kichwa. Na usikilizaji wa malalamiko, ambao leo huhesabiwa kuwa kiini cha taaluma, uliongezwa baada ya wafanyakazi wa bandarini, relini na viwandani kugoma mara kwa mara hadi waajiri wakakosa njia nyingine. Kila haki ambayo afisa utumishi wa leo hutakiwa kuilinda ina mgomo, sheria au msiba fulani nyuma yake, na bila kuijua historia hiyo ni vigumu kueleza kwa nini wafanyakazi wengi bado huiingia ofisi yake kwa hadhari.

Kabla ya kuwapo kwa ofisi yoyote, usimamizi wa watu wa kazi ulikuwa mikononi mwa mnyapara. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja kwa miezi kadhaa, na msafara mkubwa uliweza kuwa na mamia ya watu waliohitaji kuhesabiwa kila asubuhi, kugawiwa posho, yaani chakula au nguo na shanga za kununulia chakula njiani, na kuamuliwa magomvi yao jioni. Kirangozi alitangulia mbele kuonyesha njia, na wanyapara walisimamia watu. Nyuma yao walikuwapo wafanyabiashara waliogeuza upatikanaji wa watu kuwa shughuli kamili, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, ambaye aliwapatia wavumbuzi, wamisionari na Wajerumani wapagazi pamoja na bidhaa za safari. Mnyapara hakuwa mtu mpole, na viboko vilikuwa sehemu ya utawala wake. Hata hivyo, aliishi na watu aliowaongoza, alilala walikolala, na msafara mzima ukiasi au ukitoroka yeye ndiye aliyepata hasara ya kwanza. Utii uliopatikana ulitegemea mapatano, kwa kuwa mpagazi aliyedhulumiwa alitua mzigo na kutoweka porini, na hapakuwa na daftari la kumtafuta.

Ujenzi wa Reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ufukweni mwa Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901, ulileta namna nyingine ya kushughulika na watu. Takriban wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba ya maandishi yenye muda, ujira na ahadi ya kurudishwa kwao, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha. Idadi hizo zinajulikana leo kwa sababu ziliandikwa, na ziliandikwa kwa sababu kila mtu alikuwa gharama katika hesabu za reli. Hapo ndipo mfanyakazi alipoanza kuwa mstari katika kitabu cha mwajiri.

Serikali ya kikoloni ya Kenya iliupeleka utaratibu huo mbali zaidi kuliko jirani yoyote. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya kucheleweshwa na Vita vya Kwanza vya Dunia ilianza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920, ambapo kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, yaani hati yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole, iliyowekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Katika hati hiyo mwajiri aliandika jina lake, kazi aliyomwajiri mtu huyo, mshahara wake na tarehe ya kuanza, na mkataba ulipokwisha alitakiwa kutia sahihi kwamba amemwachilia. Mwanamume aliyeondoka bila sahihi hiyo alihesabiwa kuwa mtoro, na kutoroka kazini, chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 na marekebisho yake, kulikuwa kosa la jinai lililomfikisha mtu gerezani. Kwa kuwa alama za vidole zilihifadhiwa pia Nairobi, mtu aliyekana jina lake aliweza kutambuliwa kwa kidole chake.

Kipande kilikuwa na karibu kila kitu kinachopatikana katika faili la mfanyakazi wa leo, yaani utambulisho, historia ya ajira, kiwango cha mshahara na tarehe za kuingia na kutoka, isipokuwa kitu kimoja: sauti ya mwenye kipande. Mshahara ulioandikwa na mwajiri wa kwanza ulimfuata mtu kwa mwajiri wa pili, ambaye hakuwa na sababu ya kumwongezea, na mwajiri aliyekataa kutia sahihi kwa hasira au kwa uzembe aliweza kumzuia mtu asipate kazi kwingine kwa miezi. Kumbukumbu zilikuwa sahihi na zilikuwa dhuluma kwa wakati mmoja. Jambo hilo linastahili kufikiriwa na kila anayeshika masijala, yaani ofisi ya kuhifadhi majalada, kwa sababu usahihi wa faili peke yake haujawahi kuwa ushahidi wa haki.

Upinzani haukuchelewa. Harry Thuku, aliyekuwa mwendesha simu katika Hazina ya serikali Nairobi, aliunganisha mwaka 1921 malalamiko juu ya kipande, kodi na pendekezo la walowezi la kupunguza mishahara kwa theluthi moja, na alipokamatwa Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Polisi walifyatua risasi tarehe 16 Machi. Serikali ilitaja vifo 21, ingawa watu waliokuwapo walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Kipande kiliendelea kuvaliwa kwa zaidi ya miaka 20 baada ya siku hiyo, hadi sheria mpya ya mwaka 1947 ilipoweka uandikishaji wa watu wa rangi zote.

Tanganyika neno hilohilo lilikuwa na maana tofauti, na tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu inaonyesha jukumu jingine la usimamizi wa watu, yaani kuhesabu kazi. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Morogoro, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi ambayo mfanyakazi alitakiwa kuimaliza ndani ya siku 42, na kila siku aliyotimiza kazi yake ilitiwa alama. Mkataji wa mkonge hakuhesabiwa kwa saa. Alikata majani, akayafunga mafungu ya majani 30, akayapanga kandokando ya reli ndogo ya shamba, na msimamizi akapita kuhesabu. Mafungu yakipungua, au msimamizi akiyakataa kwa madai kwamba majani ni mafupi, siku ile haikutiwa alama, na jasho lote la asubuhi lilikwenda bure. Mshahara ulilipwa kadi ilipojaa, si mwezi ulipokwisha, na kwa hiyo ugomvi mkubwa shambani ulikuwa juu ya alama hiyo ndogo ya penseli na juu ya mtu aliyekuwa na mamlaka ya kuitia.

Watu wenyewe walitoka mbali. Walioandikwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake, na walitoka Kigoma, Songea, Njombe na Ruanda-Urundi, maeneo ambayo hayakuwa na zao la biashara la kulipia kodi. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kilianzisha SILABU, ofisi ya pamoja ya kuajiri kwa niaba ya mashamba, iliyochukua nafasi ya mawakala waliokuwa wakishindana na kudanganya watu vijijini kuhusu mshahara na hali ya mashamba. SILABU ilisafirisha watu, ikawalisha njiani na kuwagawa mashambani, na kwa upande wa utaratibu ilikuwa hatua mbele ya wakala aliyelipwa kwa kila kichwa. Lakini ilibaki chombo cha waajiri, na mtu aliyefika shambani akakuta mambo si kama alivyoahidiwa hakuwa na mahali pa kulalamika isipokuwa kwa msimamizi yuleyule aliyehesabu mafungu yake.

Pengo hilo ndilo lililojaribiwa kuzibwa na Idara ya Kazi. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika iliunda idara hiyo chini ya Meja Granville Orde-Browne, ambaye alipeleka maofisa kazi kukagua mabweni, posho, matibabu na mishahara, na kuandaa vituo vya kupumzikia kwenye njia walizopita watu wakitafuta kazi. Ni vyema kutofautisha hapa vyeo viwili ambavyo huchanganywa hadi leo: afisa kazi ni mtumishi wa serikali anayemkagua mwajiri kwa niaba ya sheria, na afisa utumishi ni mwajiriwa wa kampuni au taasisi anayesimamia watu wake kwa ndani. Koloni lilianza na wa kwanza, kwa uchache, na hata huyo alionekana anasa, kwa kuwa mwaka 1931, wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, idara ilifungwa ili kupunguza matumizi na haikufufuliwa hadi 1938. Wafanyakazi walikosa mkaguzi katika miaka ileile mishahara iliposhuka zaidi. Kenya haikuwa na Idara ya Kazi inayojitegemea hadi mwaka 1940, baada ya migomo ya Mombasa ya mwaka 1939 na machafuko katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na visiwa vya Karibi kuitia hofu Ofisi ya Makoloni mjini London.

Mombasa ndiyo iliyogeuza hofu hiyo kuwa utaratibu. Bandari ya Kilindini iliendeshwa na vibarua wa kutwa, walioandikwa asubuhi langoni na serahangi, yaani kiongozi wa genge la wapakuaji, na kulipwa jioni. Kwa mwajiri mpango huo ulikuwa rahisi, kwa sababu siku isiyo na meli haikuwa na mshahara; kwa kibarua pia ulikuwa na uhuru wake, kwa sababu aliweza kufanya kazi siku chache, akarudi shambani kwake pwani, kisha akaja tena alipohitaji fedha. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipandisha bei za vyakula na kodi za vyumba, na mishahara ya watu wa reli, bandari, hoteli na majumbani ilibaki nyuma. Tarehe 13 Januari 1947 takriban wafanyakazi 15,000 waliacha kazi, na kwa karibu wiki mbili mji ulisimama, meli hazikupakuliwa, na wagomaji walikusanyika kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo lilipozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake hadi alipokamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa kizuizini Bara kwa miaka kumi.

Serikali iliunda jopo la usuluhishi chini ya Jaji Ransley Thacker, ambalo liliongeza mishahara na, jambo lililokuwa na athari ya kudumu zaidi, likawatenga wafanyakazi wa kudumu na vibarua katika viwango vya malipo. Kuanzia hapo watawala na kampuni za upakuaji walikubaliana kwamba mgomo wa aina ile uliwezekana kwa sababu mji ulijaa watu ambao hakuna mwajiri aliyewajua kwa majina, na dawa waliyoichagua ni kumfanya kibarua kuwa mfanyakazi wa kudumu. Katika miaka ya 1950 vibarua wa bandari waliandikishwa, mahudhurio yao yakafuatiliwa, wasiofika mara za kutosha wakafutwa katika orodha, na wale waliobaki wakapewa ngazi za mishahara, likizo na matumaini ya nyumba. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi F. W. Carpenter iliikosoa sera ya mshahara wa kapera, yaani mshahara uliokadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia mjini, na kupendekeza mshahara unaoweza kumtunza mtu pamoja na mke na watoto.

Ni katika miaka hiyo ambapo afisa utumishi alionekana kwa mara ya kwanza katika sura inayotambulika leo, akiwa na ofisi, makabati ya mafaili, fomu za likizo na jukumu la kujua nani yuko wapi na analipwa nini. Uingereza, ambako mtindo wa ofisi hiyo ulitoka, taaluma ilikuwa na mwanzo tofauti: mwaka 1896 kiwanda cha Rowntree mjini York kilimwajiri Mary Wood kushughulikia ustawi wa wanawake na wasichana waliofanya kazi humo, na mwaka 1913 maofisa ustawi wa viwandani waliunda chama chao. Huko afisa alianza kama mtu wa kuuliza hali za wafanyakazi, kisha akaongezewa usimamizi. Huku alianza na usimamizi, na ustawi ukaja baada ya mgomo. Mabadiliko ya Mombasa yaliwapa watu wengi mshahara wa uhakika na heshima ya kudumu kazini, na hilo ni faida isiyokanika, lakini yaliwanyima wengine uhuru wa kuchagua siku zao za kazi, na walioachwa nje ya orodha walipoteza riziki bila jopo lolote kuwasikiliza.

Uhuru ulipokaribia, swali halikuwa tena kama mfanyakazi asikilizwe, bali asikilizwe kwa utaratibu gani. Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali ya Kenya, Shirikisho la Waajiri na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi zilitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Kazi, uliowataka waajiri kuvitambua vyama na kuvitaka vyama kufuata hatua za mazungumzo na usuluhishi kabla ya kugoma, na mwaka 1964 ikaundwa Mahakama ya Viwanda kuamua yaliyoshindikana. Kwa afisa utumishi mkataba huo ulikuwa na maana kubwa, kwa kuwa malalamiko yalitakiwa yaanzie ngazi ya chini ya idara, yapande hatua kwa hatua na yaandikwe, na mwajiri asiye na mtu wa kuyapokea na kuyajibu alijikuta mahakamani akiwa hana hata barua moja ya kujitetea.

Wakati huohuo kampuni za kigeni zilianza kuwapandisha Waafrika, na mara nyingi umeneja wa utumishi ulikuwa miongoni mwa vyeo vya kwanza vya juu kukabidhiwa mwananchi. Sababu zilikuwa nzuri na mbaya. Mwafrika alijua lugha za wafanyakazi, aliaminika zaidi na viongozi wa vyama na alikubalika kwa serikali iliyokuwa ikihimiza ajira za wananchi. Lakini pia ofisi ile ilikuwa mbali na hesabu za fedha na maamuzi ya uzalishaji, na kampuni iliweza kuonyesha sura ya Kiafrika bila kugawana madaraka yenyewe. Meneja utumishi wa kizazi hicho alibeba barua za kufukuza watu ambazo hakuziamua na kutetea viwango vya mishahara ambavyo hakuvipanga, na sifa mbaya iliyoiandama ofisi yake miaka mingi baadaye ilianzia katika nafasi hiyo ya kuwa mlango bila kuwa na nyumba.

Tanzania ilichukua njia iliyombana mwajiri zaidi kwa maandishi. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja kilichofungamana na chama tawala cha TANU. Wafanyakazi walipoteza uhuru wa kugoma, na kwa upande mwingine walipewa sheria ya mwaka huohuo ya kulinda ajira. Sheria hiyo iliunda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi na ikaambatanishwa na jedwali la nidhamu lililotaja makosa, kama vile kuchelewa, kutofika kazini bila ruhusa, ulevi na kukaidi amri halali, na kwa kila kosa likaweka adhabu iliyopanda kadiri kosa lilivyorudiwa, kuanzia onyo la maandishi hadi kufukuzwa, huku mwajiri akitakiwa kushauriana na kamati kabla ya kumfukuza mtu. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida aliweza kusoma, au kusomewa, adhabu ambayo bosi wake aliruhusiwa kumpa na ile ambayo hakuruhusiwa. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliongeza mabaraza ya wafanyakazi ya kujadili mipango na uzalishaji katika mashirika ya umma.

Mwongozo wa TANU uliotolewa Februari 1971 ndio uliozitia sheria hizo moto. Tamko hilo, lililotolewa wiki chache baada ya mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda, lilikuwa na kifungu cha 15 kilichowakataza viongozi kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikichukua kifungu hicho kama kilivyo. Migomo mingi iliyofuata kati ya 1971 na 1973 haikudai mshahara hata kidogo. Ilidai kuondolewa kwa meneja aliyewatukana watu, aliyewapekua wanawake kwa kuwadhalilisha au aliyefukuza mtu kwa chuki, na mara kadhaa wafanyakazi walimfungia meneja nje ya lango na kuendelea na kazi. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel waliuondoa uongozi wote na kuendesha uzalishaji wenyewe kwa muda. Maofisa utumishi walikuwa shabaha ya mara kwa mara, kwa sababu wao ndio waliotia sahihi barua, na inafaa kusema wazi kwamba wafanyakazi hao walikuwa na hoja ya haki: jedwali la nidhamu lilikuwa limewekwa kuzuia uonevu, na mahali pengi lilikuwa limegeuzwa kuwa ngazi ya kumpandisha mtu haraka hadi kwenye mlango wa kutokea. Dola ilivumilia kwa muda, kisha ikawatawanya na kuwafukuza wagomaji.

Funzo gumu zaidi kuhusu kumbukumbu lilikuja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Shirika la reli lilikuwa na makao yake Nairobi, la bandari Dar es Salaam, la posta na simu Kampala, na la ndege Nairobi, huku watumishi wao wakiwa wametawanyika katika nchi zote tatu, wakihamishwa kutoka kituo hadi kituo kwa miaka 20 au 30. Siku mashirika yalipogawanywa, haki za watu hao, yaani pensheni, michango ya akiba na malipo ya kuachishwa kazi, zilibaki zikitegemea mafaili yaliyokuwa upande mwingine wa mpaka uliofungwa. Mgawanyo wa mali na madeni ulikubaliwa mwaka 1984 baada ya usuluhishi wa mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht, lakini kwa upande wa Tanzania wastaafu waliendelea kudai malipo yao barabarani na mahakamani, na mwaka 2005 ndipo serikali ilipofikia makubaliano na zaidi ya wadai 31,000. Wengi walikuwa wameshafariki, na warithi wao walitakiwa kuleta barua za ajira, hati za malipo na vyeti vya vifo. Mtu aliyehifadhi karatasi zake chini ya kitanda tangu miaka ya 1960 alilipwa kwa urahisi kuliko yule aliyeamini kwamba ofisi ingemhifadhia.

Miaka ya 1990 ilimkabidhi afisa utumishi kazi isiyo na heshima yoyote, yaani kupunguza watu. Masharti ya mageuzi ya uchumi yaliwaondoa makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali ya Tanzania, na ubinafsishaji ulioanza na kuundwa kwa tume yake mwaka 1992 ukawagusa wale wa viwanda na mashirika. Kenya nayo ilipita njia hiyo hiyo. Orodha za waliopunguzwa ziliandaliwa na watu wa utumishi, mara nyingi kwa vigezo walivyopewa kutoka juu, na ndipo pia msamiati mpya wa rasilimali watu ulipoenea kutoka vyuo vya biashara vya Marekani na Uingereza, ukisema kwamba watu ni mali kuu ya taasisi, katika miaka ileile taasisi zilipokuwa zikiwaacha.

Kilichofuata ni kipindi cha sheria. Tanzania ilitunga mwaka 2004 Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, pamoja na nyingine iliyounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Kenya ikatunga Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mwaka 2012 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya wataalamu wa usimamizi wa rasilimali watu, inayomtaka anayejitambulisha kwa taaluma hiyo kusajiliwa na kuwa na cheti halali cha kufanyia kazi, ambacho chama cha taaluma kinaweza kukiondoa kwa utovu wa maadili. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, kwa kuwa afisa asiye na chombo cha taaluma nyuma yake hana pa kuegemea siku mwajiri anapomwamuru kuandika uongo katika faili. Ukubwa wa tatizo la mafaili ulionekana Tanzania mwaka 2016, serikali ilipoanza kuwasaka watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mshahara bila kuwapo mtu, na tena Aprili 2017, ilipotangazwa kwamba uhakiki umegundua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kila jina katika orodha hizo lilikuwa limewahi kupita katika ofisi fulani ya utumishi, likapokelewa, likagongwa muhuri na kuingizwa kwenye malipo.

Hata hivyo, jukumu lililobadilisha zaidi kazi ya kila siku ni lile la kumsikiliza mtu kabla ya kumwachisha kazi. Kifungu cha 41 cha sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu inayofikiriwa ya kumwachisha, na asikilize utetezi wake mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 za utendaji bora zinadai utaratibu unaofanana na huo, wenye taarifa ya mashtaka, muda wa kujiandaa na haki ya kukata rufaa. Kikao hicho huandaliwa na afisa utumishi, kumbukumbu zake huandikwa na yeye, na kikiendeshwa kama igizo la uamuzi uliokwisha kufanywa, mahakama hutengua matokeo yake hata pale kosa lenyewe lilipothibitika. Kenya imeweka fidia ya juu kabisa kuwa mishahara ya miezi 12. Sheria ya Tanzania, kama ilivyotungwa mwaka 2004, iliifanya miezi hiyo 12 kuwa kiwango cha chini, na mwajiri aliyepuuza kikao cha saa moja alilipa mshahara wa mwaka mzima.